Mrudishie Babu Sauti Yake

Mara ya kwanza kumrekodi babu nilirudi Kirumba, Mwanza mjini, na dakika 41 za upepo. Tulikaa chini ya mwembe pale kwake Igombe, hatua chache tu kutoka mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga. Simu niliiweka juu ya stuli, naye akasimulia kwa mpangilio kama shahidi aliyeapishwa: alianza kuvua na marehemu baba yake, akaoa, akajenga, akapata watoto saba. Hata pale upepo ulipotulia kidogo, nilichosikia kilikuwa hotuba. Babu yangu hazungumzi hivyo. Babu yangu hamalizi sentensi tatu bila kumtania mtu.

Siku hizi kila mtu anasema tuwarekodi wazee wetu mapema, simu tunazo, kazi ni rahisi. Simu tunazo kweli. Lakini namna tunavyolisema jambo lenyewe, utadhani mzee ni ghala na sisi tumekuja na Fuso kuhamisha magunia. Tunarekodi, tunasema wabeja, yaani asante kwa Kisukuma, tunapanda daladala, na yeye haisikii tena ile sauti. Ninachodai mimi ni kwamba ile rekodi ya kwanza bado ni salamu tu. Mrudishie aisikilize, ndipo mazungumzo yaanze.

Hili sikulisoma popote, lilinitokea. Wiki mbili baadaye nilikwenda tena na kumfungulia zile dakika 41 kupitia spika ndogo. Alisikiliza kichwa amekiinamisha, akacheka alipojisikia anakohoa, kisha akaniambia zima. "Hapo nimesema uongo."

Uongo wenyewe ulikuwa huu: alisema akiwa na miaka 13 alikuwa akivua na baba yake. Hakuwa akivua. Alikuwa mtoto wa kuanika. Enzi zile nyavu zilikuwa za nyuzi za pamba, na wavu wa pamba ukikaa na maji unaoza, kwa hiyo kila asubuhi lazima utandazwe kwenye miti ukauke, halafu mtu apite kijicho kwa kijicho akitafuta palipokatika. Yeye ndiye aliyekuwa akipita. Mtumbwini alikuja kuruhusiwa baadaye sana, na kilichomtoa kwenye kuanika ni nyavu za nailoni, ambazo hazikuhitaji mtoto wa kuzihudumia. Kwa nini alisema alikuwa akivua? "Wazee wote wa hapa wanasema hivyo."

Kuanzia hapo hakushikika. Akaingia kwenye furu, wale samaki wadogo ambao alipokuwa kijana hakuna aliyewahesabu kuwa mali. Wataalamu wanasema Ziwa Victoria lilikuwa na mamia ya aina za furu. Babu anawagawa kwa ladha na kwa wingi wa miiba. Sangara alipandikizwa huko upande wa Uganda kuanzia miaka ya 1950, akachukua muda kuonekana kwa wingi kwetu, na kufika katikati ya miaka ya 1980 nyavu za Mwanza zilikuwa zinatoka na sangara watupu. Hayo yameandikwa vitabuni. Ambayo hayakuandikwa ni kwamba babu alipata bati la nyumba yake kwa sangara, na mpaka leo hamli kwa furaha. "Amenipa bati, amenichukulia furu." Sentensi hiyo haimo kwenye rekodi ya kwanza. Imo kwenye ya pili, dakika ya 26, kwa Kisukuma.

Ndiyo, kwa Kisukuma. Ile ya kwanza tulifanya kwa Kiswahili kwa sababu Kisukuma changu mimi ni cha kuombea maji. Babu akizungumza Kiswahili anakaa wima kama yuko mbele ya mtendaji wa kata. Safari ya pili nilimchukua shangazi aulize maswali, mimi nikabaki fundi mitambo. Nimejaribu baadaye kuipitisha sauti ile kwenye programu za kugeuza sauti kuwa maandishi. Kiswahili zinajitahidi. Kisukuma cha babu zimekigeuza vituko vitupu, kwa hiyo tunaandika kwa mkono, shangazi akitafsiri na mimi nikichapa, dakika kumi za sauti kwa jioni nzima. Sioni ubaya. Kila jioni tunagundua neno ambalo hata shangazi inabidi ampigie babu kuuliza.

Nani anauliza ni jambo kubwa kuliko simu unayotumia. Mwanao wa kumzaa hutamsimulia ulivyoshindwa kulipa mahari kwa wakati. Mkweo ndiyo kabisa. Mjukuu ana utani, na utani ni ufunguo. Bibi, ambaye ananiita "mume wangu" tangu nikiwa mchanga, alinisimulia kuhusu mchumba wake wa kwanza huku baba yangu akiwa ametumwa dukani makusudi. Baba aliporudi, hadithi ikageuka kuwa bei ya pamba.

Na maswali yetu jamani. Kila kijana anayefika Igombe na simu anataka kusikia kuhusu kuzama kwa meli ya MV Bukoba. Tarehe 21 Mei 1996 hakuna mtu wa Mwanza asiyeijua. Mamia ya watu walikufa maji mji ukiwa unaonekana kwa macho. Lakini kuna wazee ambao siku ile walipokea miili, na hawajawahi kuombwa ruhusa kabla ya kuulizwa. Babu akiulizwa hujibu kwamba alikuwa shambani. Sijui kama ni kweli, na sitauliza.

Sasa nikiri kosa la ukoo wetu. Binamu yangu alichukua kipande cha ile rekodi ya kwanza, pale babu anapokohoa na kusahau jina la mtoto wake wa tano, akaweka mdundo chini na kukipandisha mtandaoni. Kilichekesha, sikatai. Kikawafikia vijana wa mwaloni kabla ya kumfikia mwenyewe, na asubuhi moja akasalimiwa kwa kikohozi. Miezi minne hakutaka kuona simu yoyote mbele yake. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, nzuri tu kwenye karatasi, lakini mzee wa miaka 84 hataenda kulalamika popote dhidi ya mjukuu. Ataacha kuzungumza, basi.

Kwa bibi vizee hatari ni kubwa zaidi ya kuchekwa. Sote tuliokulia Usukumani tunajua wanawake wangapi wazee wameitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoivishwa na moshi wa jikoni miaka sitini, na tunajua baadhi yao walivyoishia. Jirani yake bibi anajua dawa za miti kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Amekubali kurekodiwa sauti, jina lisitajwe, picha marufuku. Mtu anayemwambia kwamba video "inavutia zaidi" hajui anachokiomba. Mimi ningesema sauti tu iwe ndiyo kawaida, na video iwe ni pale mzee anapoiomba mwenyewe.

Ng'ambo kule kisiwani Ukerewe kulikuwa na mzee Aniceti Kitereza. Alimaliza kuandika hadithi yake ndefu kwa Kikerewe mwaka 1945, na haikuchapwa mpaka 1980, baada ya yeye mwenyewe kuihamishia kwenye Kiswahili. Mwaka uliofuata akafariki. Miaka 35 mtu ana kazi iliyokamilika mkononi akisubiri mlango. Leo mlango uko wazi usiku na mchana, na tunachoupitishia ni kikohozi cha babu.

Ya kiufundi ni machache. Rekodini ndani ya nyumba, mbali na upepo, na simu iwe imelazwa juu ya khanga iliyokunjwa. Zimeni data kwanza. Faili lipewe jina la mtu na tarehe siku hiyohiyo. Ukituma video kwa WhatsApp itume kama dokumenti, la sivyo inabanwa na ubora unapotea. Nakala ziwe tatu, kwa watu wawili tofauti angalau, maana simu huanguka ziwani, hasa simu za ukoo wetu.

Wako wanaosema tuwafundishe wazee watumie simu janja wenyewe. Nilijaribu. Vidole vya babu vimepasuliwa na nyavu mpaka kioo hakivitambui; unagusa mara tano, kinajibu mara moja, mzee anadhani amekosea yeye. Kilichofanya kazi ni kitu cha kizamani kidogo. Babu ana redio ya kuchomeka flashi, ile anayosikilizia taarabu na mahubiri. Nilimwekea rekodi zake zote humo. Kitufe kimoja anakijua, basi.

Akawa anajisikiliza jioni. Wenzake wakaanza kuja na viti vyao. Wa kwanza kufika alimsikiliza babu akitaja mwaka ambao magugu maji yaliziba mwalo, akasema si kweli, yeye anakumbuka kwa sababu mtumbwi wake ulikwama mwaka mwingine. Babu akazima redio na kunipigia simu nije na "ile ya kurekodi".

Faili la saba lina wazee watatu na dakika 52 za ubishi. Mwaka wenyewe haujapatikana. Mimi nasikika humo mara moja tu, nikiambiwa nikalete maji ya kunywa.