Siku 90 za India ambazo sio 90

Aisee jana badala ya kulala nimekesha na simu nasoma hukumu za Mahakama ya Juu ya India za mambo ya mwenendo wa kesi za madai, mke wangu ananiuliza unacheka nini usiku wote huu, nikamwambia nacheka siku tisini za Wahindi. Akageukia ukutani.

Nazisoma kwa sababu sheria yetu ya mwenendo wa madai ya 1966 imezaliwa na ile yao ya 1908, na kabla ya hapo Tanganyika ilikuwa inatumia hiyo hiyo ya India, mpaka leo ukitaja oda ya nane kanuni ya kwanza, wakili wa Mumbai na wa Dar wote wanajua unaongelea majibu ya mdaiwa.

Sasa kisa chenyewe. Mwaka 2002 Bunge la India lilichoka na wadaiwa wanaokalia samansi, likabadilisha sheria kwamba ukishapata samansi una siku 30 uwe umeleta majibu kwa maandishi, ukizidiwa korti inaweza kukuongezea ila isizidi siku 90. Isizidi, mtoto wa shule anaelewa hapo. Lakini 2005 ikaja kesi ya Kailash dhidi ya Nanhku, tena ilikuwa ya kupinga uchaguzi, Mahakama ya Juu ikasema hiyo 90 ni ya kuelekeza tu, haifungi, jaji akiona kuna sababu ya kipekee aiandike, akitaka ampige mdaiwa gharama, halafu ayapokee majibu. Hoja yao ni kwamba kanuni ni mtumishi wa haki, na tangu 1955 Jaji Vivian Bose alishasema sheria ya mwenendo haikutungwa ili iwe mtego wa kuangusha watu.

Maneno matamu, na Bose namheshimu sana. Lakini mimi niliwahi kuwa kijana wa kupeleka makaratasi masjala, enzi zile kabla hatujaanza kupandisha nyaraka kwenye mfumo, na kwetu mdaiwa ana siku 21 za kuleta majibu, nakwambia siku ya 21 ndiyo siku ya kazi. Siku 20 faili limelala juu ya kabati, siku ya 21 saa nane mchana wakili anakumbuka, typist anapiga ukurasa wa mwisho huku wa kwanza bado una joto la printa, mimi nimeshika pesa ya bodaboda mkononi, namkuta karani keshafunga dirisha nusu, namwomba dada yangu nihurumie, anagonga muhuri bila kunitazama. Tulikuwa tunawahi kwa sababu tulijua mlango utafungwa, siyo kwa sababu tulikuwa watu wema.

Ndiyo maana ile huruma ya 2005 siielewi vizuri inamwangukia nani. Aliyekalia kiwanja cha mtu hana haraka, kila mwezi unaopita anakula kodi ya nyumba ambayo sio yake, kwa hiyo ukimwambia sababu ya kipekee ataitafuta mpaka ataipata, na ahirisho nazo ni hivyo hivyo, oda ya 17 ya kwao inasema mwisho mara tatu na mwaka huo huo wa 2005 mahakama ikasema hata tatu zinaweza kuzidi.

Halafu cheki kilichofuata. 2015 wakatunga sheria ya mahakama za biashara, mdaiwa anapewa siku 120, zikipita haki yake ya kuleta majibu imekufa. Kuna kampuni ilipata samansi 14 Julai 2017, siku ya 120 ikaangukia 11 Novemba, wao walikuwa bize na ombi la kutaka hati ya madai itupwe, ombi likagonga mwamba, ndio Desemba wanaleta majibu. Mahakama Kuu ya Delhi ikawaruhusu. Ikafika juu, kesi ya SCG Contracts, Februari 2019, jibu likawa fupi tu, 120 ni 120, majibu yaondolewe.

Mimi nilipiga makofi kitandani! Lakini yaani wenye makampuni wamewekewa saa ukutani, halafu mjane anayedai shamba lake la urithi kwenye korti ya kawaida ndiye anaambiwa asubiri kanuni imtumikie mwenzake, hiyo mimi imenishinda.

Na tuseme ameshinda. Tangu 1872 majaji wa Baraza la Ufalme kule London, ndiyo ilikuwa korti ya mwisho ya rufaa za makoloni, walishasema shida za mdai wa India zinaanza pale anapopata hukumu. 2021 Mahakama ya Juu ikaagiza kukaza hukumu, yaani kuitekeleza ili mshindi apate chake, kusizidi miezi sita. Oktoba 2025 ikahesabu maombi ya kukaza hukumu yaliyolala kwenye korti za nchi nzima, ikakuta zaidi ya 880,000, majaji wenyewe wakashtuka. Na kesi iliyofanya wahesabu ni ya Periyammal, ya kiwanja, imefunguliwa 1986. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Waliofika mwisho wa kesi ni warithi.