Satyajit Ray na shutuma ya kuuza umaskini

Mwaka 1980 Nargis, yule yule mwigizaji wa filamu ya Mother India, wakati huo akiwa mjumbe wa baraza la juu la bunge la India, alimshutumu mwongozaji Satyajit Ray kwamba anauza umaskini wa nchi yao kwa wageni. Filamu kama Pather Panchali, inayohusu familia maskini ya kijijini Bengal, alisema, zinapendwa nje kwa sababu watu wa huko wanataka kuiona India ikiwa hohehahe. Alipoulizwa India ya kisasa anayotaka ionyeshwe ni ipi, akajibu: mabwawa makubwa ya maji.

Kwetu pwani, Nargis ni jina wanalolijua hata wazee wasiofahamu neno moja la Kihindi. Ray wengi hawamjui. Kwa hiyo ni rahisi kumpa ushindi aliyezoeleka, na kusema kweli hoja yake haikuwa ya kubeza. Pather Panchali ilionyeshwa kwanza New York, Mei 1955, kwenye jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa. Calcutta waliiona Agosti. Mwaka uliofuata ikatunukiwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Mtu wa Paris aliyetoka ukumbini angeweza kudhani Bengal nzima ni paa linalovuja na bibi kizee anayeomba shuka. Sisi ambao bara letu limepigwa picha nyingi za mtoto na nzi usoni tunajua linavyouma.

Lakini muuzaji hasa alikuwa nani? Ray alipoanza kupiga filamu hiyo mwaka 1952 alikuwa mchoraji katika kampuni ya matangazo ya biashara, na wengi wa aliopiga nao filamu walikuwa wapya katika kazi ya sinema kama yeye. Aliweka bima yake rehani, vito vya mkewe vikafuata, na fedha zikaisha kazi ikiwa haijafika popote. Iliyomwokoa ni serikali ya jimbo la West Bengal. Kwa kuwa jina la filamu lina maana ya wimbo wa njia ndogo, fedha zikaandikwa kwenye fungu la kukarabati barabara! Maofisa walitamani hadithi iishie kwa familia kunufaika na mradi wa maendeleo ya kijiji. Ray akakataa. Hata hivyo filamu ilikuwa mali ya serikali, kwa hiyo kama lilikuwepo duka la umaskini, mwenye duka hakuwa Ray.

Na humo ndani hakuna anayeombewa huruma. Durga, binti wa familia hiyo, anaiba mapera kwenye bustani ya jirani, anampelekea bibi yao mzee. Mama anamgombeza bibi huyo hadi unamchukia mama, halafu dakika chache baadaye unamwonea imani. Watoto wanamfuata muuza pipi asiyewahi kuwauzia kitu. Wanakimbia kwenye nyasi ndefu zenye maua meupe ili waone treni ikipita. Ukitoka hapo unawakumbuka watu kabla hujakumbuka shida zao.

Nargis pia aliangalia sehemu ndogo tu ya kazi ya mtu huyu. Katika Jalsaghar (1958) mwinyi wa ardhi aliyefilisika anamaliza akiba yake kwa usiku mmoja wa muziki. Mke wa nyumbani katika Mahanagar (1963) anazunguka mlango kwa mlango akiuza mashine za kufuma. Charulata (1964) ni upweke wa mke katika nyumba ya kitajiri, na Nayak (1966) ni nyota wa sinema ndani ya treni. Kwamba nje waliendelea kuitaja ile ya kwanza ni chaguo la waliokuwa nje.

Lawama ninayoiona nzito zaidi ni nyingine. Baba wa familia katika Pather Panchali ni Brahmin, mtu wa kusoma na kuandika anayeota kutunga tamthilia. Ni maskini, ndiyo, lakini yuko katika tabaka la juu kabisa. Waliokuwa chini yake kijijini hatuwaoni kwa karibu. Kwa miaka mingi Ray aliujua vizuri zaidi ufukara wa wenye vitabu.

Tukirudi kwa Nargis, Mother India yenyewe ilikuwa filamu ya kwanza India kuipeleka kwenye tuzo za Oscar, na humo Nargis anavuta jembe matopeni huku mkopeshaji akiinyonya familia. Basi umaskini ulisafirishwa huko pia. Tofauti ni kwamba filamu ile inaanza na bibi Radha, anayeigizwa na Nargis, akifungua mfereji mpya wa maji: shida zote zilizosimuliwa zimeshapata jawabu. Ray hakutoa jawabu, na nadhani hilo ndilo lililoudhi.

Mwaka 1981, shutuma ikiwa bado mbichi, alitengeneza Sadgati, filamu fupi kwa lugha ya Kihindi kwa ajili ya televisheni ya taifa. Wale wa tabaka la chini waliokosekana katika Pather Panchali sasa wako mbele ya kamera. Dukhi, fundi ngozi wa tabaka lisiloguswa, anaenda kwa Brahmin kuomba apangiwe siku njema ya uchumba wa binti yake. Anaambiwa kwanza apasue gogo. Analipiga shoka juani, akiwa na njaa, mpaka anaanguka na kufa. Kwa kuwa maiti yake haishikiki, Brahmin anaifunga kamba mguuni na kuiburuta mwenyewe hadi nje ya kijiji, kisha anarudi kunyunyiza maji matakatifu pale ilipokuwa imelala.