Utumbo uliokatwa: tuulishe mapema au tuupumzishe?

Ndugu wa mgonjwa aliyekatwa kipande cha utumbo wanafika wodini na uji kwenye chupa ya chai. Nesi anawazuia: "Asile, bado hajatoa hewa." Wanarudi nao nyumbani, kesho wanaambiwa vilevile.

Katazo hilo lina sababu. Mshono wa utumbo ukiachia, kinyesi humwagika tumboni, na watu hufa kwa hilo. Tena utumbo ulioguswaguswa hulala kwa muda. Ukimjaza mgonjwa kabla haujaamka, atatapika. Na aliyeingia kwa dharura, presha ikiwa bado iko chini, kumlisha kwa haraka ni hatari kweli.

Ila kwa mgonjwa aliyetulia, mimi nasimama na wanaoanza kulisha kidogo kidogo ndani ya saa 24. Utumbo hujilisha kwa kile kinachopita ndani yake. Ukikaa mtupu wiki kadhaa, vijinywele vinavyofyonza chakula hufupika, hata kama mgonjwa anapata virutubisho vyote kwa mshipa. Lishe hiyo ya mshipani, ambayo Stanley Dudrick na wenzake waliithibitisha Philadelphia mwishoni mwa miaka ya 1960, imeokoa watu ambao zamani wangekufa njaa. Ikidumu sana, huleta maambukizi ya damu na kuharibu ini.

Chakula kikipita, kipande kilichobaki hubadilika. Vijinywele hurefuka, ukuta hunenepa, na sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba humwaga homoni ya GLP-2 inayochochea ukuaji huo. Dawa ya teduglutide, inayoiga homoni hiyo, iliidhinishwa Marekani mwaka 2012. Utumbo mpana nao huingia kazini: wanga ulioponyoka juu huchachushwa na bakteria, ukageuka asidi za mafuta ambazo mwili hufyonza. Kwa aliyebakiwa na utumbo mfupi, njia hiyo inaweza kumpa hadi kalori 1,000 kwa siku. Mabadiliko haya huchukua mwaka mmoja hadi miwili, kwa hiyo kumkatia tamaa mgonjwa anayeharisha mwezi wa pili ni mapema mno.

Hata hivyo tusiusifie utumbo kupita uwezo wake. Vitamini B12 na chumvi za nyongo hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba, na sehemu ya juu haijifunzi kazi hiyo. Homa ya matumbo hutoboa utumbo sehemu hiyohiyo. Mtu aliyekatwa kipande kirefu cha eneo hilo anaweza kunenepa na kurudi shambani, huku akiba ya B12 kwenye ini ikiisha polepole. Miaka inapita, ndipo miguu inakufa ganzi na damu inapungua, wala hakuna anayekumbuka upasuaji ule wa tumbo. Sindano za B12 za mara kwa mara zingetosha kuzuia yote hayo, kama karatasi ya kuruhusiwa ingeandikwa kilichokatwa ni kipande kipi, na zimebaki sentimita ngapi.