Gia za kompyuta kwenye milima ya Mwanza: mbio si tatizo, tatizo ni joto na umeme

Kwenye makundi ya wapenda magari hapa Mwanza kuna ubishi usioisha. Wenye Subaru za manyuali wanasema gari la kuendeshwa ni lile lenye pedeli tatu. Walioagiza Golf GTI au BMW za mtumba kutoka Japani wanawacheka: gia zao zinabadilishwa na kompyuta, na wakitaka kujiamulia wanagusa tu kikono kilicho nyuma ya usukani. Kila upande unadai lake ndilo lenye mbio. Kwangu mimi wote wanabishania sehemu rahisi ya jambo hili.

Kwa mbio, kesi imekwisha zamani. Gia boksi ya klachi mbili ina klachi moja ya gia witiri na nyingine ya gia shufwa. Ukiwa namba tatu, namba nne imeshaingia inasubiri. Kompyuta inasoma mguu wako kwenye mafuta, mzunguko wa injini na mwendo wa magurudumu, kisha inaachia klachi hii huku ikikamata ile, na nguvu haikatiki njiani. Hakuna mguu wa binadamu unaoweza hivyo. Nissan ilipotoa GT-R mwaka 2007 haikuhangaika hata kuiwekea manyuali. Ila nafuu hiyo ya sehemu ya sekunde utaitumia wapi? Ukitoka Usagara kwenda Misungwi, penye makazi kuna kibao cha 50, na tochi ya trafiki haijali gia yako iliingiaje.

Watu wa manyuali wana hoja nzuri kuliko ile wanayoipigia kelele. Tazama Safari Rally kule Naivasha. Magari ya daraja la juu ya mashindano ya dunia kati ya 2017 na 2021 yalikuwa na vikono vya usukani. Mwaka 2022 zilipokuja sheria mpya, vikaondolewa. Dereva akarudi kuvuta na kusukuma gia tano kwa mkono. Sababu kubwa ilikuwa gharama. Kama timu za viwanda vikubwa zinapiga hesabu hiyo, sembuse mtu wa Nyegezi anayelipia gereji kwa mshahara? (Porsche nayo ilirudisha manyuali kwenye 911 GT3 mwaka 2017 baada ya kuiondoa, lakini pale ni wateja waliotaka raha yao. Tuwaache.)

Sasa njoo kwenye barabara zetu. Panda Bugando saa moja asubuhi. Daladala mbele imesimama inapakia, nyuma yako bodaboda nne, na wewe unalishikilia gari mlimani kwa kugusa mafuta kidogo kidogo badala ya kukanyaga breki. Gari la otomatiki ya toki konveta, kifaa kinachopitisha nguvu ya injini kwa oili badala ya klachi, litavumilia sana tabia hiyo, kwa sababu hapo kinachozungushwa ni oili. La klachi mbili linasugua klachi muda wote huo, na hali ya hewa yetu ya wastani haisaidii kitu kwa sababu joto linazaliwa ndani. Zile za klachi kavu, yaani zisizoogea oili, ndizo zinazoumia zaidi. Mwenye manyuali naye anaweza kuunguza klachi hapohapo, lakini yeye atainusa mapema, na klachi pleti yake ipo duka lolote la spea.

Klachi zinazoogea oili zina ahueni, kwa sharti la kutunzwa. Ile ya Volkswagen ya gia sita inataka oili mpya kila kilomita 60,000, na usawa wake unapimwa oili ikiwa kati ya nyuzi 35 na 45. Gereji ngapi za mjini zinapima hivyo? Ukibadilisha klachi, kompyuta nayo inabidi ifundishwe upya zinakamatia wapi, kwa mashine yenye programu ya gari hilo. Kile kidude cha kusomea taa ya injini hakiwezi kazi hiyo.

Halafu kuna umeme, na hapa historia inafurahisha. Ferrari ilipoleta gia za kielektroniki kwenye Formula 1 mwaka 1989, Nigel Mansell alishinda mbio za kwanza kule Brazil, kisha gari likawa linazima mara nyingi msimu ule. Gia boksi ikabeba lawama, kumbe shida kubwa ilikuwa upande wa alteneta, mashine inayozalisha umeme wa gari: mkanda unachomoka, umeme unapungua, gia zinagoma. Mwaka 2013 Volkswagen iliita magari milioni 1.6 duniani kubadilishiwa oili ya gia boksi ya gia saba, kwa kuwa ile ya awali iliweza kuleta hitilafu ya umeme kwenye nchi za joto na unyevu. Ndiyo maana namwonea shaka fundi anayetamka kuwa gia boksi imekufa kabla hajapima betri na nyaya za athi. Betri ikichoka, kompyuta inaweza kugoma huku chuma chote kikiwa kizima.

Wenye viwanda wenyewe wameshaanza kurudi nyuma kidogo. BMW M5 ya mwaka 2017 iliacha klachi mbili ikachukua toki konveta ya gia nane. Toyota GR Yaris ya turbo, iliyozaliwa na manyuali peke yake, mwaka 2024 ikaongezewa otomatiki ya gia nane, nayo ya toki konveta. Siku hizi kifaa hicho kinafanya kazi zaidi wakati wa kuondoka. Gari likishashika mwendo, klachi ya ndani inakifunga na nguvu hazipotei tena. Kompyuta ni ileile ya haraka, kilichobadilika ni kinachobeba mateso ya foleni.

Ningekuwa naagiza gari la mbio la kuishi nalo Mwanza, ningechukua hiyo otomatiki ya toki konveta. Anayependa klachi mbili achague zinazoogea oili, aulize kumbukumbu za oili kabla hajauliza rimu, na aweke betri mpya mara gari linapotoka bandarini.