Fundi Anataka Mbio, Mimi Nataka Kufika

Ukitaka kujua Kenya ina mainjinia wangapi, fungua boneti ya Peugeot 504 kando ya barabara. Hata muuza mahindi ya kuchoma atakuja na ushauri, na ushauri wa wote ni mmoja: ongeza nguvu!

Fundi wangu ndiye kinara. "Mzee, hii ni gari ya Safari Rally! Ilishinda 1978!" Namwambia, kijana, ile ya 1978 ilikuwa coupé, ile ya milango miwili, ya silinda sita. Yetu ya silinda nne ndiyo aliyoshinda nayo dereva Ove Andersson, 1975, na hata hiyo haikuwa imebeba gunia la viazi na mama mkwe. Hasikii. Anataka kuchonga hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, eti kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, ipande. Ikipanda, nikifika mlima wa Kinungi petroli ya kawaida inaanza kugonga, yaani kulipuka ovyo ndani ya silinda. Na hedi yenyewe huinyanyui hivihivi. Silivu za injini hii, ile mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, zimezungukwa na maji. Usipozibana kabla ya kuzungusha krenki, zinacheza, sili ya chini inaachia, maji yanaingia kwenye oili. Chomoa dipstiki, utakuta chai ya maziwa.

"Basi tuweke kabureta mbili." Mbili! Hii moja tu nailisha kwa machozi.

"Basi tutoe sailensa." Hapo ndipo penyewe. Kwa vijana hawa kelele ndiyo nguvu. Injini ya cc 1971, ikiwa mpya, ilitoa nguvu za farasi 90 na kitu. Ukitoa sailensa farasi hawaongezeki, wanapiga kelele tu, na jirani anakununia.

Mimi naomba kazi za kizee: plagi zisafishwe, mwanya wa tapeti za vali upimwe injini ikiwa baridi, rejeta izibuliwe, taimingi ya cheche iwekwe kwa taa ya kupimia, si kwa sikio. Juzi nikamkuta ameinamia distributa, ile inayogawa umeme kwa plagi, anapima mwanya wa pointi, ile swichi yake ndogo, kwa kipande cha boksi la sigara. Mwanya huo unatakiwa uwe kama milimita 0.4! Nikamuuliza kipimo kiko wapi. Akanitazama kwa huruma. "Mzee, hii ndiyo saizi ya Peugeot. Ya Datsun ni boksi la kiberiti."

Kinachoniudhi ni kwamba iliwaka papo hapo. Sasa ananidai pesa ya boksi, eti lilikuwa bado na sigara mbili.