Sikutoa Shahada, Nilimwita Mama

Kwanza nisahihishe. Ile sauti ya dakika nne inayozunguka kwenye magrupu, ya rafiki yangu mmoja (jina namhifadhia, ana mchumba), ina uongo mkubwa: eti siku ya matembezi yetu, nilipozama kwenye tope la mikoko, nilitoa shahada. Sikutoa shahada. Nilimwita mama.

Tulikuwa kumi na mmoja. Mpango ni tutoke Mikindani kwa miguu, tufuate ufukwe, kisha tukate porini turudi kwa juu, kwenye mibuyu. Kiongozi nani? Mimi. Mtoto wa Mtwara mjini, bahari naijua kwa kula nguru, lakini mbele ya wageni wa Dar nikajifanya nahodha. Ilikuwa bamvua, maji yamekupwa mpaka kule. Njia inazunguka mikoko, nikasema, "Tupite hapa katikati, dakika tano tu." Bibi mmoja aliyekuwa anaokota tondo akatutazama, akanyamaza.

Hatua ya kwanza, salama. Ya pili, mizizi ya mikoko aina ya mchu imechomoza kama penseli, nikairuka kwa madaha. Ya tatu, mguu wa kulia haukukuta chini. Ukaenda tu. Goti likazama, paja likafuata. Tope jeusi, la baridi, linanuka yai viza. Nikapeleka wa kushoto ukamwokoe mwenzake, nao ukaenda. Sasa nalingana na mtoto wa darasa la pili, begi mgongoni, simu mkononi bado inarekodi. Kaa mmoja, wale wenye gando moja kubwa, akatoka shimoni, akanikagua, akanipungia.

Nikajivuta. Chini nikasikia "nyuuu", kama kuna mtu ananinyonya miguu. Hapo ndipo mama alipoitwa. Kwa sauti. Mara tatu. (Ndiyo, tatu, acheni kuniuliza inbox.)

Bibi akatua ndoo.

"Mjukuu, lala."

"Nilale wapi, bibi?"

"Hapo hapo! Kifudifudi! Ukizidi kusimama ndiyo unazidi kuzama. Na maji hayo yanakuja."

Nikalala. Shavu kwenye tope, watu kumi wananitazama, hakuna hata mmoja aliyekohoa. Nikatambaa kama kasa aliyechelewa. Mguu mmoja ukachomoka, raba ikabaki. Wa pili ukachomoka, raba ikabaki. Bukta ilipoona wenzake wote wamebaki, nayo ikabaki.

Mengine ya kawaida. Nikanawa, porini upupu nao ukanisalimia, saa nane tukawa Mikindani tunakula ming'oko.

Ila ile picha mnayotumiana niielezee. Kanga ni ya bibi, alinivua aibu nayo, na ndiyo niliyovaa njia nzima nikiwa bado natangulia mbele. Mkiikuza mtasoma maandishi mgongoni mwa kiongozi wenu: "Sisi sote abiria dereva ni Mungu."

Nimeifua mara mbili, bado inanuka mikoko. Jumamosi nairudisha kwa mwenyewe. Kwa bajaji.