Tupime jani mwezi Februari, tusingoje gunia

Kusini mwa Tanzania mvua huanza Novemba au Desemba, na mara nyingi hukata mwishoni mwa Januari au Februari, mazao yakiwa shambani. Pita Newala au Tandahimba siku hizo, saa saba mchana: mahindi yamejikunja majani, muhogo umeyalegeza, mbaazi bado kijani. Shamba moja, jua moja. Naamini utafiti wetu wa kilimo ungepaswa kuhamia hapo, badala ya kusubiri mizani siku ya kuvuna.

Jani lina vitundu vidogo viitwavyo stomata. Hewa ya ukaa huingilia humo, na mvuke hutokea humo humo. Mmea ukivifunga, unaokoa maji lakini unajinyima chakula. Mwaka 1985, Blackman na Davies wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, waliigawa mizizi ya mhindi sehemu mbili: moja wakaimwagilia, nyingine wakaiacha ikauke. Vitundu vilibana ingawa majani hayakuwa na kiu. Kumbe mizizi iliyo kwenye udongo mkavu hupeleka taarifa juu, na homoni ya asidi ya absisiki imo katika mawasiliano hayo.

Sasa fikiria udongo wetu wa kichanga wa uwanda wa Makonde. Kichanga huachia maji kirahisi kikiwa na unyevu, kisha njia ya maji kwenda kwenye mzizi hukatika ghafla. Mmea unaochelewa kufunga hapa unaumia kuliko kwenye udongo wa mfinyanzi. Mahindi yakikutwa na hali hiyo wakati wa mbelewele, ndevu huchelewa kutoka, chavua imeshamwagika, na gunzi linabaki na mapengo. Muhogo hufunga mapema, hupukutisha majani na kungoja mvua. Mbaazi huteremsha mizizi chini zaidi. Kwa hiyo mkulima akiambiwa tu kwamba mbegu inastahimili ukame, hajasaidiwa. Inastahimili kwa njia gani, na kwenye udongo upi?

Nachingwea tunaijua gharama ya kuanza na matrekta kabla ya kuujua udongo na mvua: mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947, ulifutwa 1951.

Kituo cha Naliendele cha TARI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, kimefanya kazi kubwa kwenye korosho na ufuta, nami nakithamini sana. Ombi langu ni vipimo vya jani kwenye mashamba ya wakulima wenyewe, mvua zikikata. Jani linakatwa alfajiri, linafungwa kwenye chemba ya shinikizo kikonyo kikiwa nje, gesi inaongezwa polepole hadi tone la maji lichomoze pale lilipokatwa. Shinikizo la wakati huo linaonyesha mmea unavuta maji kwa shida kiasi gani. Unarudia mchana, kwenye mhindi, muhogo, mbaazi na ufuta, huku ukipima unyevu wa udongo hadi kina cha mita moja na zaidi. Matokeo apewe bwana shamba wa kata kabla ya msimu wa kupanda unaofuata.